Gari la Umeme la Kenyenya

"Gari liko wapi?" Thadeus aliuliza tena, na Sista Persis wa zahanati ya Kenyenya akamwuliza tena kama chai yake inawekwa sukari.

Thadeus hakutoka Nairobi kuja kunywa chai. Alikuwa afisa wa mipango, na Mpango wa Magari ya Umeme ulikuwa mtoto wake. Mwaka huo wa 1997, hata Nairobi kwenyewe stima zilikuwa zikipotea ovyo, na wenzake ofisini walimwita Bwana Betri. Yeye alikaza uzi. Serikali ikavuta nyaya hadi vituo vichache vya mashambani, ikafunga soketi za kuchajia, ikakaa kusubiri magari. Sharti lilikuwa moja: kituo kitakachomaliza mwaka bila gari, nguzo zake zinang'olewa.

Mwaka ulipokaribia kuisha, ripoti zikaja. Kenyenya, gari moja. Nyamira, gari moja. Kwingine kote, sifuri. Thadeus alifurahi nusura alie. Bosi wake, Bwana Manasseh, hakufurahi wala hakununa. Alisema wafadhili watafika Jumatatu kuona kwa macho, kwa hiyo yeye angekagua la Nyamira, Thadeus akague la Kenyenya, kisha wakutane jioni hotelini Kisii mjini. Kama magari hayapo, mpango ungefungwa na vituo vyote vingekatwa.

Kabla ya kufika zahanati, pale sokoni Kenyenya, Thadeus alikuwa amemwuliza mama mmoja muuza ndizi kama amewahi kuliona gari hilo likipita.

"Kupita? Hapana," mama alijibu. "Lakini iko. Imesaidia watoto wetu sana."

Jibu hilo lilimkaa vibaya rohoni. Sasa aliweka kikombe chini hata kabla ya kukionja.

"Sista, dereva wa gari hili ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi nipeleke."

Persis alishusha pumzi, akatoa ufunguo mfukoni mwa sare yake ya uuguzi, akamwongoza hadi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya zahanati. Waya mnene ulitoka kwenye soketi ya serikali ukaingia ndani. Mlango ulipofunguliwa, Thadeus alikiona kitu cheupe, kirefu, kinanguruma taratibu. Kilikuwa na namba ya gari kifuani na kioo cha pembeni kimefungwa kwa waya. Chini kilisimama juu ya magurudumu manne ya toroli.

"Hii ni friji!"

"Ni gari, bwana afisa. Hiyo kioo Bharat wa vipuri, kule Kisii, alitupatia bure."

"Sista, usinichezee shere."

"Wewe mwenyewe ulisema kwa ile baraza, na kipaza sauti. Gari ya umeme ni kila chombo iko na magurudumu na inatumia stima. Mimi nikainua mkono, nikauliza, lazima ikuwe kubwa? Ukasema hapana, hata ndogo."

Thadeus alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyolipenda swali lile, akalisimulia ofisini kama ushahidi kwamba wananchi wameuelewa mpango.

"Lakini haitembei!"

"Inatembea. Ukisukuma."

Hapo Persis akaacha mzaha. Alifungua mlango wa friji, akamwonyesha vichupa vya chanjo vimejipanga, vimetulia katika baridi yao.

"Tulikuwa na friji ya mafuta ya taa. Ilikuwa inazimika, chanjo inaharibika, na sisi hatujui. Surua ikapita hapa. Watoto wenye nilidunga kwa mkono wangu, nikaenda matanga yao." Akafunga mlango wa friji, baridi isitoke. "Miaka yote niliomba stima ya zahanati, nikaambiwa pesa hakuna. Ya magari ikapatikana. Sasa enda useme chenye unataka, lakini ujue ukisema ni friji, hizo nguzo zinaenda."

Thadeus alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni ya mtu aliyeota barabara nzima ya magari yasiyo na moshi, akaamka na friji. Aliaga bila kuahidi kitu.

Njia nzima hadi Kisii aliupanga uongo. Angesema gari liko gereji. Angesema limeenda Masimba na mgonjwa. Lakini Manasseh alikuwa mtu wa kunusa uongo toka mbali, na hakuwahi kumsamehe aliyemdanganya. Alipofika hotelini Thadeus alikuwa ameamua kusema kweli, kisha amwombe kwa magoti, kama italazimu, nguzo za Kenyenya zisiguswe.

Alimkuta Manasseh amekaa peke yake kwenye kona, sahani ya matoke imepoa mbele yake. Hakumsalimu. Thadeus akavuta kiti, akayamwaga yote: friji, kioo, namba, baraza, hata wale watoto wa surua. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Manasseh hakucheka. Wala hakufoka. Aliisukuma sahani kando.

"Hiyo friji," alisema hatimaye kwa sauti ya chini, "umeona magurudumu kwa macho yako?"

"Manne, mkubwa."

"Na inasogea?"

"Ukiisukuma, mkubwa."

Manasseh alifumba macho kama mtu aliyepata habari njema kanisani.

"Basi Jumatatu wafadhili tunawapeleka Kenyenya," alisema. "La Nyamira ni mashine ya kusaga mahindi, na wameijengea sakafuni kwa saruji."