Tepe za Mama

Helikopta ilibakiwa na nafasi moja. Ghorofani shuleni, huku mto Buzi ukiwa umemeza madarasa ya chini, walilala wawili juu ya madawati: mjamzito aliyevuja damu, na mama mzazi wa muuguzi Zulmira, akihema kwa shida.

Zulmira alishika tepe mbili, nyekundu ya kwenda na nyeusi ya kungoja. Mwaka jana, wilaya ilipopanga mambo ya mafuriko, yeye mwenyewe alinyoosha mkono kuafiki: wazee wangoje. Tepe zenyewe alizishona mama, akiuliza maana ya kila rangi.

Laiti angejikunyata tena, kama utotoni, chini ya cherehani ile, asikie miguu ya mama ikikanyaga!

Mama akanyoosha mkono.

"Nifunge nyeusi. Na ukaze, we mtoto. Tangu zamani mafundo yako yanalegea."