Kinyonga Afumba Macho

Kaa chini hapo unisikilize. Kinyonga alikuwa anakagua chupa za dawa ya sindano, moja moja, mbele ya taa. Kila akimaliza chupa mia, anafumba macho.

"We, unalala?" bosi Ngiri akafoka.

"Napumzisha macho, bosi. Yakichoka, yanaona kila chupa safi."

Ngiri akamtimua, akamweka Sungura, anayepitisha chupa elfu bila kupumzika.

Siku ya tatu nyoka akamng'ata Ngiri. Muuguzi Korongo akaja na chupa na sindano.

"Hiyo kaikagua nani?"

"Sungura."

"Niitie Kinyonga."

Kinyonga akaja, akaishika chupa, akafumba macho.

"Fanya haraka, ndugu yangu, nakufa."

"Tulia, bosi. Nimekuja mbio juani, macho yamechoka."

Ungekuwa wewe Ngiri, ungemwambia afumbue?