Msumeno wa Chumba cha Saba

Bingwa alibandika bilauri ukutani, akabandika sikio kwenye bilauri, uso ukamkunjamana kama aliyeng'ata ndimu.

"Anaanza tena," alimnong'oneza Dada Besi, mwenzake wa darasa, aliyejibanza kwenye kona ya chumba cha sita pamoja na lile fidla lake la besi lenye kimo cha mlango. "Sikiliza, mstari wa tatu. Atakosea, atakohoa, halafu atarudi mwanzo."

Upande wa pili, katika chumba cha saba, fidla ilifika mstari wa tatu ikaanguka kifudifudi. Mtu akakohoa. Fidla ikarudi mwanzo, kwa mbio zile zile, kuelekea kosa lile lile.

Dada Besi aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika, besi nalo likatikisika.

"Wewe cheka tu, dada. Wenye masikio tunaumia."

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe mwaka wa kwanza, na wanafunzi wote wa muziki wakamwachia, maana kubishana naye ilikuwa kazi nyingine. Huyu wa chumba cha saba, Bingwa alimbatiza Msumeno. Hakuwahi kumtia machoni, wala kumsikiliza mpaka mwisho. Ila kila alipoweka fidla chini apumzike, na Bingwa alipumzika sana, Msumeno alianza kukata mbao.

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba Msumeno alipiga wimbo ule ule alioupiga yeye, kwa hiyo walikuwa wanagombea kiti kimoja. Ijumaa mwalimu wa fidla angetaja wa kukaa kiti cha mbele siku ya mahafali, na mama yake Bingwa alikwisha kuutangazia ukoo mzima, nguo amekwisha kushona. Bingwa hakuogopa ufundi wa Msumeno, maana haukuwepo. Aliogopa mwalimu asije akamwonea huruma.

Yeye mwenyewe mazoezi yake yalikuwa na utaratibu. Aliingia saa tatu kamili. Kuoanisha nyuzi, nusu saa. Kupangusa fidla, robo saa. Kuipiga picha ikiwa imepanguswa, robo saa nyingine. Kisha aliupiga wimbo mara mbili, mbio mbio, kwa kuwa polepole ni ya wanaojifunza. Akamaliza rekodi na karatasi ya kujitathmini ambazo mwalimu aliwadai kila wiki, sehemu ya makosa akaandika "Hakuna", akaenda kunywa chai kwa roho nyeupe.

Alhamisi uvumilivu ulimshinda. Akabisha hodi ofisini kwa mwalimu, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, asiyepaza sauti hata anapokasirika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea makosa yako leo?"

"Nimekuletea ya mtu. Yule wa chumba cha saba. Mwalimu, nyani haoni kundule! Yule anaamini kabisa anapiga fidla."

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa taratibu, akaivaa tena. Akamsogezea karatasi.

"Niandikie. Yote. Usimwonee haya."

Bingwa alikaa, akakunja mikono ya shati, akajaza kurasa mbili. Aliandika kwamba Msumeno hafanyi mazoezi, anakomaza makosa. Kwamba akikwama hukimbilia mwanzo, mahali anapopajua, badala ya kukaa na ile sehemu inayomshinda mpaka ilainike. Kwamba mbio zote zile ni za kufichia asichokijua. Kwamba ni dhahiri hajawahi kujisikiliza hata siku moja. Hilo la mwisho alilipigia mstari, kalamu ikatoboa karatasi.

Mwalimu alisoma neno kwa neno, huku akitikisa kichwa.

"Miaka ishirini nafundisha, na tathmini safi kama hii sijawahi kuletewa. Kumbe una sikio! Haya, tumfanyeje?"

Bingwa alivimba kichwa. "Kiti cha nyuma kabisa, kule mlangoni. Na ule mstari wa tatu aupige polepole, mara hamsini kila siku, mpaka mahafali."

"Si adhabu kali hiyo? Ana mama, na mama mwenyewe atakuja."

"Mama yake atanishukuru."

"Basi weka sahihi."

Bingwa aliweka sahihi yenye mkia mrefu. Mwalimu akaweka yake chini ya hiyo, akagonga muhuri.

"Imepita, na haibadiliki. Mpelekee mwenyewe, yumo sasa hivi."

Bingwa alitoka nusura aruke. Kiti cha mbele kilikuwa chake! Ila alipofika mlango wa saba, na kusikia mle ndani wanavyokatwa watu masikio, moyo ulimlainika kidogo. Masikini, naye katoka kwao kuja kutafuta elimu. Akapanga maneno ya upole, kwamba pole ndugu yangu, kila mtu na kipaji chake, akasukuma mlango bila hodi.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kiti, na juu ya kiti spika ndogo. Spika ilikosea mstari wa tatu, ikakohoa, ikarudi mwanzo, ikaumaliza wimbo mbio mbio. Halafu ikasema, kwa sauti ya Bingwa mwenyewe, changamfu kabisa: "Mwalimu, hiyo ndiyo rekodi yangu ya wiki hii. Nimeisikiliza yote, mara mbili!"