Shika Mkononi

Mtoto alikuwa na madini ya risasi kwenye damu, na hakuna aliyejua yanatoka wapi. Daktari hakuzunguka: tafuteni chanzo, upesi, kabla hayajamharibu ubongo.

Baba yake, fundi wa kulehemu rejeta za magari, akakimbilia kwa mpimaji wa madini, rafiki yake wa tangu utotoni. Mpimaji alikuwa na mashine kama bunduki fupi. Unailenga kwenye kitu. Ikikuta risasi, inalia.

"Usiweke mezani," mpimaji alisema siku ya kwanza. "Hiyo meza ya chuma inachanganya kipimo. Shika mkononi."

Fundi akaweka udongo wa uani kwenye kimfuko chembamba cha nailoni, akakilaza kiganjani. Mashine ikalia.

Wakahama nyumba. Mtoto hakupona. Fundi akaleta kipande cha shuka: ikalia. Shuka na godoro vikachomwa moto. Akaleta unga wa mitishamba ya mama mkwe, chembe tu: ikalia. Mama mkwe akafungiwa nje, huku akigonga mlango. "Baba, mimi nimuue mjukuu wangu?"

Mtoto akaanza kuanguka kifafa. Kijiko hataki, mama yake hamtaki. Alikubali tonge la mkono wa baba tu.

"Una mkono mtamu, baba watoto," mkewe alisema, akijilazimisha kucheka. "Mlishe wewe."

Ulibaki unga wa chakula. Safari hii fundi, macho mekundu kwa kukesha, aliubwaga mfuko mzima wa kilo mbili juu ya kigoda cha mbao. "Pima, ndugu yangu. Nimekwisha."

Mashine kimya.

"Imekufa?"

"Haijafa." Mpimaji akachota unga uleule kidogo, akautia kwenye kimfuko, akamwekea fundi kiganjani. Ikalia.

Mpimaji akakiinua kimfuko kwenye mwanga.

"Unga huu kidogo ni mwembamba," mpimaji alisema. "Mwale wa mashine unaupita, unakwenda kupima cha nyuma yake. Hebu weka chini huo unga."

"Sasa nishike nini?"

"Usishike kitu."

Mashine ikalia juu ya kiganja kitupu, cheusi kwa risasi ya kulehemu rejeta.

Nyumba moja. Godoro moja. Mama mkwe mmoja, asiyepokea tena simu. Na maneno kumi na manne, yote aliyokuwa ameshayajua mtoto, yaliyompotea moja moja. La mwisho kumtoka lilikuwa baba.