Tangi Lililosuguliwa

Siku hizi kila nyumba ina utando wake ndani ya tangi la maji, na sheria inakataza kuusugua. Wangu nimeulea miaka sita. Unateleza kama makamasi, sikatai, lakini ule ute wanaoutoa bakteria ni sukari, protini na nyuzi za vinasaba zilizosukana, na ndio unaonasa zebaki ya migodini isitufikie kikombeni.

Yote haya nilimweleza mama mkwe jana alipofika. Akaitikia, "Nimesikia, mwanangu."

Leo nimerudi kutoka kazini nikakuta tangi linang'aa. Amelisugua kwa mchanga na majivu mpaka pembeni kabisa, kisha akalijaza upya.

"Mama, si nilikuomba usiliguse?"

"Uchafu ule kwenye nyumba yenye mtoto, mama Atu? Nilikuonea huruma, kazi zimekuzidi."

Nimfokee vipi mama wa mume wangu, na vidole vimemchubuka kwa kunisaidia? Nikameza hasira, nikamuuliza utando ameutupa wapi.

"Chooni," akasema, akatabasamu. "Maji sasa yana ladha. Hata Atu leo hakunisumbua, amekunywa vikombe viwili."