Chumba cha Baridi cha Hadia

Ijumaa saa saba mchana, wanaume wakiwa msikitini, Zakia alisimama nyuma ya soko la Mpanda, mbele ya mlango wa chuma ulioandikwa COLD STORAGE.

Maana ya maneno hayo alikuwa ameiuliza kwa mwalimu Vestina, mteja wake wa chapati. Mwalimu alimweleza kuwa ni mahali pa kuhifadhia vitu kwenye baridi kali visioze. Akaongeza kuwa Waingereza huyasema hata kwa jambo lililowekwa kando mpaka wakati wake ufike.

"Basi na mimi ninalo la namna hiyo," Zakia alijibu, akamfungia chapati zake.

Lake lilikuwa na miaka minne. Wakati huo yeye ndiye aliyeuza samaki wa ziwani kutoka Karema, na Hadia alikuwa rafiki yake wa kula sahani moja. Kisha Hadia akapitisha maneno sokoni kwamba samaki wa Zakia wanapakwa dawa ya kuhifadhia maiti. Wateja wakamkimbia. Friza ikauzwa, mume akaenda zake, Zakia akabaki na jiko la chapati. Hadia akawachukua wateja, akajenga chumba hiki.

Leo kilikuwa kimejaa samaki wa harusi ya kesho. Asubuhi Zakia aliliona gari la Hadia likielekea Sitalike, na kwa kawaida Hadia akienda huko hulala. Hapakuwa na mtu ila Nestori, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, ameinamia nguo.

Ndani kitu kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena kwa unyonge. Mashine imechoka, Zakia aliwaza. Akaishika swichi kubwa ya ukutani, akaishusha. Feni zikazima.

Alirudi kukanda unga, moyo umemtulia kama ambavyo haukuwahi kutulia miaka yote ile. Akilini alimwona Hadia kesho, mbele ya wageni wote, akihangaika na samaki wanaonuka. Acha naye wamkimbie. Acha naye auze mpaka kitanda.

Lakini gari lilirudi saa nane mchana huo huo. Zikasikika kelele, kisha watu wakaja mbio, Nestori mbele yao.

"Ni huyu," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu akizima."

Zakia hakukana. Alifuta mikono kwenye kanga, akasimama wima, tayari kwa lolote.

Watu wakapisha. Dereva, aliyekuwa amekwenda Sitalike peke yake, alikuwa amembeba Hadia, kazungushiwa mablanketi mawili, midomo ya kijivu, meno yanagongana. Alipotuliwa chini hakuweza kusimama. Akajikokota mpaka kwa Zakia, akamkumbatia miguu.

"Mlango ulinifungia humo tangu saa sita," alisema kwa taabu. "Feni zilipozima nilikuwa nimeshaanza kusinzia. Ungechelewa kidogo tu, dada yangu, wangenikuta nimeganda."