Kibodi za Maboksi

Kwa miaka miwili Mwalimu Mbaruku alifundisha kompyuta kwa kibodi alizochora kwenye maboksi, mpaka wanafunzi wakaweza kuchapa hata wakifumba macho. Siku ya mtihani akasimama nje ya dirisha, akimtazama Nasra mbele ya kompyuta ya kweli, ya kwanza maishani mwake.

"Mwalimu, mbona kioo ni giza tu?" Nasra akauliza.

"Hakuna kuongea!" msimamizi akafoka.

Ndipo Mbaruku akakumbuka. Boksi haliwashwi, kuwasha hakuwahi kuwafundisha.

"Ya Rabi," akanong'ona, akainua kidole kumwonyesha kitufe. Msimamizi akavuta pazia.

Kwenye upenyo uliobaki alimwona Nasra akifumba macho. Vidole vikaanza kukimbia, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja, na kioo kikabaki cheusi.